Heko kwa Wafunga Kamera

Tuwapongeze wenzetu wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wanaofunga kamera majumbani. Busara yao haina kifani. Nyingi zinatazama ua wa jirani, maana wako unaujua. Zilizobaki zinalinda dagaa walioanikwa, na paka anayewala ana picha safi kuliko ya mwenye nyumba kwenye kitambulisho. Mashine ya kurekodia wameiweka sebuleni, kando ya televisheni, ili mgeni wa usiku akibeba kimoja asihangaike kutafuta kingine. Umeme ukikatika, kamera hupumzika. Kwani mlinzi hasinzii? Bando likiisha, siri ya nyumba inabaki nyumbani.

Wajerumani waliotutawala hawakuwa na akili hii. Mwaka 1916 walipaka grisi mitambo ya meli yao, Graf von Götzen, wakaizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, eti wameificha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, ikaja kuitwa Liemba. Laiti wangefunga kamera! Meli ingeondoka vilevile, lakini angalau wangekuwa na video ya kurusha kwenye kundi la mtaa, na maoni chini yake: “Poleni sana, jamani. Picha imetoka vizuri.”