Wito Una Wenyewe

Mbozi Mission, walikoweka kituo Wamoraviani mwaka 1899, wito wa ualimu una zaidi ya karne moja. Posho bado iko njiani. Mwalimu wa huku ana vyeo tele. Sensa ya Agosti 2022 ikaja, walimu wakageuka makarani. Uchaguzi ukija, wasimamizi wa vituo. Mwenge wa Uhuru ukipita, waimbishaji. Siku akishika chaki tu, hesabu yuko likizo.

Msimu wa kahawa ukiiva, nusu ya darasa iko shambani. Mwalimu anaita majina, anaitikiwa na madawati. Jioni naye anabeba ndoo kwenda kuchuma, maana dukani kwa Mangi daftari la madeni halisomi wito.

Kule Ndolezi kuna kimondo cha tani zipatazo 12. Kilidondoka tu, hakijafundisha hata kipindi kimoja, lakini kinatembelewa na watalii. Mwalimu anatembelewa na mthibiti ubora.

Siku ya sherehe, mgeni rasmi anashuka kwenye shangingi: “Ndugu walimu, ualimu ni wito!” Makofi. Yeye wito huo haukumpata. Bila shaka siku ulipopigwa, simu yake haikuwa na mtandao.