Panga la Mama

Kwetu Kapsoit, Kericho, mama anaweza kuwa na ndevu. Kwa Kipsigis, kaka wa mwanamke aliyekuzaa huitwa mama, yaani mjomba. Huyu wangu ana ndevu, koti la mvua, na panga la kupogolea chai ambalo hata mkewe haruhusiwi kukatia sukuma wiki. Naeleza mapema ili msomaji wa Mombasa asije akamlaumu mzazi wangu kwa maafa yafuatayo.

Maafa yenyewe yalianzia Nairobi, nilikonunua saksulenti sita, ile mimea ya majani manene yaliyojipanga kama waridi la plastiki. Muuzaji aliniapia kwamba haifi. Nikaileta nyumbani, nikaiweka juu ya kabati la televisheni, mbali na dirisha, mahali ambapo mgeni angeiona bila kugeuza shingo. Kufikia mwezi wa tatu, iliyogeuza shingo ni mimea. Ilirefuka, ikakonda, kila jani likawa linaishi kata yake, na yote sita imeinamia dirishani kama abiria wanaochungulia matatu ya Kisumu. Mmea ukikosa mwanga hujinyoosha kulitafuta jua, na jua la Kapsoit ni mgeni wa asubuhi. Saa nane mchana mawingu yameshaingia, mvua inafuata nyuma.

Dawa yake ni kukata. Na katika nchi ya chai, mtu wa kukata hatafutwi mbali. Nikampigia mama simu.

Alifika, akavitazama vyungu, akatikisa kichwa. "Hii imekaa miaka mingapi bila kupogolewa?"

"Miezi mitatu, mama."

Akanitazama kwa huruma. Chai hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4. Ikiachwa hukua mti mzima, na hakuna mchumaji anayelipwa kwa kupanda ngazi. Kwa hiyo mkataji huishusha yote kimo kimoja, sentimita chache juu ya kovu la safari iliyopita, ili machipukizi mapya yatoke yamesawazika kama meza. Matawi yaliyokatwa huachwa palepale chini, yaoze na kuirudishia ardhi rutuba. Ni kazi ya heshima. Nimeiona tangu utotoni, na hadi leo shamba lililopogolewa juzi hunionekania kama limeibiwa.

Mama alivipanga vyungu mstari mmoja barazani, akafumba jicho moja, akapima, akakata. Fyu, fyu, fyu. Saksulenti sita zikawa visiki sita vya kimo kimoja, bila jani hata moja. Nikauliza kwa adabu kama tusingeviachia majani mawili matatu ya kupumulia. Akasema huruma ndiyo inayoharibu mashamba. Kisha akavipiga vile vichwa kwa panga, majani yakachomoka, akayatandaza juu ya udongo kama yuko shambani, akanywa chai vikombe vitatu na kwenda zake.

Kosa la pili ni langu. Niliviona visiki vinasikitisha, nikavimwagilia asubuhi na jioni, na mvua ya Kericho, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ikaongeza yake. Sasa saksulenti hutembea na tangi lake la maji mwilini. Ikikatwa, kidonda kinataka siku kadhaa za ukavu kifanye kigaga, kisha udongo wenye mchanga mwingi, kisha mtu asiyejali. Mimi nilikuwa nimejali mno. Wiki mbili baadaye baraza lilinuka kama kabichi iliyosahauliwa kwenye buti la gari. Nikakusanya kila kitu, vyungu nikabaki navyo, uozo na majani nikavirusha ng'ambo ya ua. Huko anakaa kogo mmoja, yaani bibi mzee, mwenye kiduka na ng'ombe watatu. Si tabia njema, najua.

Kogo hajawahi kusikia neno saksulenti. Aliokota majani yaliyokuwa bado mazima, akayalaza kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka, juu ya mchanga uliobaki fundi alipomjengea choo. Sufuria akaiweka chini ya ukingo wa bati, mvua isipofika na jua la asubuhi linapopiga, halafu akaisahau, maana ng'ombe hawangoji. Jani la mimea hii likichomoka zima, pamoja na kitako chake, hutoa mizizi na kuzaa mtoto. Likikatika katikati, basi. Mama, bila kujua, alikuwa amechomoa mengi mazima.

Miezi ikapita. Juzi nikaingia kiduka hicho kununua maziwa, nikaiona sufuria imejaa waridi fupi, nene, zimebanana kama watoto kwenye picha ya shule.

"Chamgei, kogo. Haya maua ni bei gani?"

"Ya watu wengine ni hamsini. Wewe mia."

Nikalipa. Akanifungia mawili kwenye gazeti, kisha akanishika mkono kabla sijatoka.

"Lakini mama yako asiyaone."