Ukifika Kwa Warioba, Piga Simu

Sijui nani aliamua kwamba aliyezaliwa Dar es Salaam lazima aijue Dar es Salaam. Mtu akitoka Njombe akapotea Buguruni, anahurumiwa, ananunuliwa na maji ya kunywa. Mimi niliyezaliwa Magomeni Mapipa, mahali ambapo sijapata kuona pipa hata moja, nikiuliza njia naonekana nimelewa. Na ofisini kikiingia chochote chenye harufu ya barabara, macho yote yananigeukia: "Si wewe ndiye mtoto wa mjini?"

Ndivyo nilivyobebeshwa karatasi ya wageni. Sisi tunahangaika na kutoa mizigo bandarini, na wenzetu tunaofanya nao biashara walikuwa wanakuja kikaoni: wa Nairobi, wa Kigali, wa Lubumbashi, na mmoja wa Rotterdam ambaye bosi alimtaja kwa sauti tofauti na wengine. Bosi akataka ukurasa mmoja tu. Juu yawe maelekezo ya kufika ofisini kutoka uwanja wa ndege, chini viwe vivutio vya jirani. "Weka majina ya barabara, kilomita na dakika," akasema, akaenda zake kula.

Majina nikaweka. Unatoka jengo la tatu la abiria, unashika Barabara ya Nyerere mpaka TAZARA, unakata kushoto unaingia Mandela, unapita Buguruni, Tabata Relini, External, unafika Ubungo, unanyoosha na Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu unaingia Mikocheni. Kilomita nazo hazina ugomvi, 20 na ushei. Dakika ndizo zilizoniumiza kichwa. Dakika za Dar ziko mikononi mwa askari wa trafiki: taa imewaka kijani, yeye kanyoosha mkono, na mkono ndiyo sheria. Simu itamwahidi mgeni nusu saa. Simu haijui kwamba kuna msafara wa kiongozi, wala kwamba kuna lori limelala chali Buguruni, wala kwamba leo ni Ijumaa na mvua imenyesha kidogo, nayo kidogo hiyo inatosha.

Tumejengewa daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, likafunguliwa 2018. Tukajengewa la Kijazi pale Ubungo, ngazi tatu, likafunguliwa 2021. Nashukuru, na kodi yangu imo. Ila kazi ya daraja la juu nimeichunguza nikaielewa: linakuwahisha kwenye foleni inayofuata. Nikaandika, kwa uaminifu kabisa, "dakika 45 hadi saa 3". Bosi akachukua kalamu nyekundu. "Unawatisha watu." Akaandika dakika 40.

Tuseme mgeni amefika Mikocheni akiwa hai. Hapo ndipo shughuli inapoanza, maana ofisi yetu iko Kwa Warioba. Mkazi wa Dar ukimwambia hivyo ameshafika. Mgeni wa Nairobi aliniandikia kwa adabu zote akiuliza kama Jaji Warioba mwenyewe ndiye atakayefungua kikao, na itifaki ikoje. Ikabidi nimweleze kwamba Mzee Warioba, Waziri Mkuu wetu wa 1985 hadi 1990, hahusiki na makontena yetu hata moja. Ni kituo cha daladala tu. Ni kama Sinza Kwa Remmy. Remmy Ongala, mwana wa Kindu aliyetuchezesha muziki miaka na miaka, alifariki 2010, na mpaka leo makonda wanashusha watu kwake asubuhi na jioni.

Serikali isilaumiwe, ilijitahidi. Mwaka 2022, kabla ya sensa, ilipita operesheni ya anwani za makazi. Vichochoro vikapata nguzo zenye majina, nyumba zikapata vibao vya namba. Nguzo ya kwetu imesimama pale kona na imeshapata kazi: fundi viatu anatundika mkoba wake. Namba ya ofisi nilikwenda kuisoma getini kwa ajili ya karatasi hiyo hiyo. Mlinzi wetu, ambaye kiti chake kiko chini ya kibao hicho kila siku ya Mungu, akaniuliza kama ndiyo ile ya LUKU.

Nikaiandika hivyo hivyo, mtaa na namba, nikaizungusha rasimu ofisini wenzangu watoe maoni. Usizungushe rasimu ya maelekezo katika ofisi ya watu wa Dar. Mhasibu aliisoma akacheka. "Sasa nani atafika kwa namba? Waambie wakifika waulize kwa Mangi." Mangi yupi, na maduka ya Mangi yako matatu? "Yule mwenye geti jeusi mkabala." Mikocheni nzima ina magenge, ina balozi za nchi, ina nyumba za mawaziri wastaafu, na mageti yote ni meusi. Dereva wa ofisi alisema yeye Mandela hapiti, angewachepusha Kigogo, atokee Mwananyamala. Nilipomwomba anitajie njia hiyo ili niiandike, akanyoosha kidevu kuelekea dirishani na kusema, "Si pale tu." Dada wa mapokezi alikuwa na wazo zuri kuliko yote: wakate kulia kwenye mwembe.

"Dada, mwembe si ulikatwa?"

"Basi waambie pale ulipokuwa mwembe."

Nilitaka kukasirika, nikakumbuka mji wenyewe. Tabata Dampo hakuna dampo, lilifungwa siku nyingi. Mapipa hakuna mapipa. Mbezi kuna Tangi Bovu, na hujakutana na mtu aliyekwenda pale kutazama tangi. Sisi tunaelekezana kwa marehemu. Mtu mzima anasimama juani, anamwelekeza mgeni kwa mti usiokuwepo, mbele ya baa iliyobadilishwa jina, karibu na nyumba ya mwanamuziki aliyekufa, na mgeni akipotea tunasema hasikii.

Nikahamia kwenye vivutio nikidhani nimepumzika. Mgeni wa Rotterdam alikuwa ameshaandika kwamba Jumatano mchana atakuwa na nafasi, angependa kuiona Serengeti. Nikamjibu kistaarabu kwamba kwa gari, siku nzima itaishia Arusha, na Serengeti yenyewe bado iko mbele. Akasema haidhuru, basi hata Kilimanjaro. Yule wa Nairobi akadakia kwenye barua pepe hiyo hiyo, watu wote wakisoma, kwamba Kilimanjaro atamwonyesha yeye akipitia kwao. Nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo.

Na tuna vitu hapa hapa. Kuna Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, jirani kabisa na sisi: nyumba za asili za watu wa nchi hii, msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na kivuli cha kutosha. Tatizo ni kwamba ukimwambia dereva yeyote "Makumbusho", anakushusha stendi ya daladala. Mgeni atashangaa pale, ataona soksi, chaja, mayai ya kuchemsha na vijana wanaogombea begi lake, atapiga picha, atarudi akisema ameuona utamaduni. Sina hakika kama atakuwa amekosea sana.

Nikaweka pia Makumbusho ya Taifa, ile ya mjini, mtaa wa Shaaban Robert. Bosi akaishia hapo. "Fuvu? Mtu katoka Ulaya kuja kuzungumzia makontena, wewe unampeleka kwenye fuvu?" Nikamweleza kwamba hilo ni la Zinjanthropus, Mary Leakey alilikuta Oldupai mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75, na dunia nzima inalijua. Akasema ndiyo hayo anayoyasema, la zamani mno. Akalifuta. Akafuta Bagamoyo, mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia hapa Dar 1891, kwa sababu ni kilomita 70 na watu wataogelea wasirudi. Akafuta soko la samaki la Feri kwa sababu ya harufu. Akafuta picha za Tingatinga kule Oysterbay kwa sababu, alisema, kwake zipo. Kilichobaki ni jumba la maduka lenye kiyoyozi. Mtu katoka Rotterdam, tumpandishe ngazi ya umeme! Mihogo ya Coco Beach niliiokoa kwa kuiandika "chakula chepesi cha ufukweni". Hakuigusa.

Siku ya kikao ilipofika, saa 3 kamili asubuhi, ukumbini walikuwepo wageni peke yao. Wenyeji tulikuwa Mwenge. Mimi kwa kweli nilikuwa bado Ubungo, lakini mtu anayengojewa Mikocheni hana namna nyingine ya kujibu simu.

Karatasi haikusomwa na mtu. Mlinzi alinisimulia. Kila mgeni, isipokuwa mmoja, alipofika Mikocheni alifanya ambalo sote hufanya: alipiga simu ofisini, akampa dereva aongee. Mlinzi akapokea. "Uko wapi? Njoo. Njoo. Unaniona? Mimi nakuona. Njoo. Umepita! Rudi nyuma." Hayo ndiyo maelekezo kamili ya jiji la Dar es Salaam, na hakuna kilomita ndani yake. Wa Nairobi alihangaika kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshika neno langu kwamba barabara yetu inaitwa Mwai Kibaki, akamwagiza bodaboda ampeleke huko kwa fahari ya mtu anayekwenda kwao. Boda akamuuliza, "Kaka, huyo Kibaki anakaa karibu na nini?" Angesema Old Bagamoyo, jina la zamani, asingeulizwa.

Wa kwanza kufika alikuwa wa Lubumbashi. Alinipigia nikiwa nimebanwa kati ya basi na lori la mchanga: "Niko ku mulango, papa." Hakumuuliza mtu. Huyu bwana anakuja kununua bidhaa Kariakoo tangu sijaajiriwa. Mtaa wa Kongo anaujua duka kwa duka, anajua stoo ipi iko ghorofa ya ngapi na nani anapunguza bei kabla ya saa sita.

Jumatano mchana, basi dogo la kiyoyozi lilikuja kuwachukua wageni kwenda kwenye ngazi ya umeme. Likaondoka tupu. Mkongomani alikuwa ameshawabeba wote kwenye bajaji kwenda Kariakoo. Nasikia aliwaeleza hata asili ya jina, kwamba pale palikuwa na kambi ya wapagazi wa Carrier Corps wa Waingereza, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jambo ambalo mhasibu wetu alilikanusha hadi jioni. Walirudi usiku. Wa Kigali alikuwa na mapazia. Wa Rotterdam alikuwa na vitenge, beseni la plastiki lenye mfuniko, na jasho la mtu mwenye furaha. Alisema aliona sofa likishuka ghorofa ya nne, likapita kichwani mwa kijana katikati ya umati, likapakiwa na kuondoka, yote kabla hajamaliza soda yake. Hajapata kuona mzigo unaotolewa haraka namna hiyo tangu aanze kufanya biashara na sisi. Bosi alicheka sana. Sidhani kama alisikia mwisho wa sentensi.

Wakati wa kufunga, bosi alinisimamisha nipigiwe makofi kwa maelekezo mazuri, maana hakuna mgeni aliyepotea. Akatangaza kwamba mwakani tunakutana Dodoma. Treni ya SGR ipo tangu 2024, kwa hiyo usafiri si hoja, kilichobaki ni karatasi ya wageni. Nikainua mkono haraka kusema Dodoma sijui kitu, sina hata shangazi kule. Mhasibu akasimama kunisaidia. "Mke wake Mgogo," akasema.