Hotuba ya Bingwa wa Mabingwa wa Oksidi kwa Watu wa Kisenge

Waheshimiwa wa Kisenge, wa Kolwezi, na ninyi wa Dilolo mliochelewa, kaeni kitako. Anayesema nanyi ni Bingwa wa Mabingwa wa Oksidi, cheo nilichojitunuku kwa kukosa mpinzani wa maana. Hoja yangu ni moja: katika kunusa hewa yenye sumu, ukubwa ni bure (ukubwa wangu hauhusiki). Manganizi ya Kisenge, ile iliyo karibu na uso wa ardhi, ni oksidi. Irundikeni mpaka ifikie paa la kanisa, haitanusa kitu. Lakini chukueni kipande cha sentimita 1 kila upande, chenye uso wa sentimita 6 za mraba, mkikate kuwa chembe za nanomita 10: uso unafika mita 600 za mraba. Na oksidi hufanya kazi usoni, si tumboni. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani walichanganya oksidi za manganizi, shaba, kobalti na fedha wakapata hopkaliti, inayogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Joto linalotoka likipimwa, sumu imejulikana. Vitu vitatu kati ya vinne tunavyo hapahapa jimboni Lualaba! Kisha Mjapani Naoyoshi Taguchi, mwaka 1962, akaja na kipimo cha oksidi ya bati: oksidi hiyo ikipashwa moto, oksijeni ya hewani huinyang'anya elektroni, kaboni monoksidi ikiila oksijeni hiyo, elektroni hurudi, ukinzani wa umeme hushuka, kengele hulia.

Nasikia mnanong'ona kwamba mshumaa unatosha kukagua hewa ya shimoni. Mshumaa huzimika oksijeni ikipungua. Moshi wa motopampu inayonguruma shimoni huua mtu kwa kaboni monoksidi huku mshumaa ukiwaka vizuri tu. Wengine watasema kifaa hudanganywa na unyevu, na kwamba mvuke wa pombe hukiliza bure. Ni kweli, nakiri kwa shingo upande. Ndiyo maana hukaguliwa mara kwa mara kwa gesi iliyopimwa. Kelele za bure zinaudhi, lakini haziziki mtu. Na yule anayejigamba kwamba madini ni yetu, basi kipimo nacho ni chetu, na ashuke shimoni na jiwe lake mkononi. Mimi kwa wadhifa wangu nitabaki juu. Ninyi wengine nunueni kipimo, na motopampu ikae nje ya shimo.