Tuma na ya Kutolea

Dar es Salaam mtu haachwi hivi hivi, anaachwa kwenye mataa. Hadanganywi, anaingizwa mjini, hata kama kitovu chake kimezikwa Kariakoo. Mpenzi wa pembeni ni mchepuko, wa akiba ni spea tairi, na aliyegeuka ghafla baada ya kuahidi ndoa amebadili gia angani. Wazee wa pwani walituachia laazizi, muhibu na wa ubani, maneno ya kusemwa mtu kaegemea mto. Sisi tumewajibu kwa lugha ya kondakta. Wala sishangai. Jiji hili mapenzi ni usafiri kwanza, hayo mengine baadaye, na ukiuchimba ugomvi wa wapendanao wengi chini kabisa utakuta nauli.

Mimi yangu ililiwa zamani kidogo, enzi za foleni zenyewe. Binti anakaa Mbagala Rangi Tatu, mimi nipo Sinza, nimeshaoga, nimejipulizia manukato hadi kwenye soksi. Ujumbe ukaingia: "Bebi nishajiandaa, tatizo nauli." Nikaandika elfu kumi. Simu ikaniletea jina la mpokeaji nithibitishe, na jina halikuwa lake. Lilikuwa la mwanamume, majina matatu kamili, mtu unayeweza kudhani ni diwani. Nikauliza kwa upole. "Jamani, hiyo laini alinisajilia kaka." Basi, kaka yake si shemeji yangu? Nikathibitisha. Dakika haikuisha: "Mbona hujaweka ya kutolea?" Nikaongeza elfu mbili, shemeji asije akaniona bahili.

Kisha ikaanza safari. "Nipo njiani." Nikaagiza soda. "Tazara hapa, foleni haisogei." Nikaagiza nyingine. "Yaani bado Tazara, trafiki katusahau." Chipsi za watu wawili zimepoa, kuku kakakamaa, mhudumu aliyekuwa akiniita "kaka" sasa ananiita "pole kaka". Saa tatu: "Ubungo, bebi, usiondoke." Saa nne namba haipatikani. Watu wa mjini wanasema hapo umepigwa na kitu kizito. Nilikula chipsi zote mbili.

Lakini ule uongo, niseme haki yake, ulikuwa umejengwa vizuri. Kutoka Mbagala kuja Sinza kwa Barabara ya Mandela, ilikuwa lazima upite Tazara kisha Ubungo, na pale kila mkazi wa Dar alishawahi kuzeeka. Huwezi kumbishia mtu foleni ya Tazara. Ungeonekana mgeni.

Ndiyo maana nasema hakuna aliyewaumiza matapeli wa mapenzi wa jiji hili kama wakandarasi. Septemba 2018 ikazinduliwa flaiova ya Mfugale pale Tazara, kisingizio kikafa. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, na kaka wengi wenye laini za dada zao wakapata wakati mgumu. Februari 2021 yakafunguliwa madaraja ya Ubungo, barabara juu ya barabara juu ya barabara, kila moja ikipita juu ya uongo wa mtu.

Wanaume nao hawakubaki salama. Jirani yangu mmoja wa zamani alikuwa na familia Kigamboni na nyumba ndogo upande wa mjini, na kwa miaka mingi kilichomsitiri ni pantoni. "Mama Fulani, la mwisho limeniacha, nalala kwa mshikaji." Mkewe angefanya nini, aogelee? Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, mtaa mzima ulishangilia isipokuwa yeye. Alipinga tozo ya kuvuka kwa hasira ambayo siku zile niliiona ni uzalendo. Na tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, wale wa "semina imeongezwa siku mbili" nao wanahangaika, maana mke anaweza kupanda asubuhi na kufika huko kabla ya chai ya saa nne kuisha.

Hata neno mchepuko lilishamiri miaka ile Barabara ya Morogoro ilipokuwa imefumuliwa kujengwa njia za mwendokasi. Kampeni ya kupambana na Ukimwi ilikuwa ikituhimiza tubaki njia kuu, wakati njia kuu yenyewe imezibwa kwa mapipa na kifusi, na kibao kinatuelekeza pembeni. Kuna watu walikuwa wakitii alama za barabarani tu.

Kinachonikera mimi ni upande wetu wa waliopigwa. Kijana anayelelewa na shangazi mwenye pesa aliwahi kuitwa Serengeti Boy, jina la timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, heshima hiyo. Baadaye akapewa la katuni ya Kimarekani, Ben 10. Leo ni marioo, na bado linatamkika vizuri. Sisi tunaotoa tuliitwa mabuzi, tukachunwa, na sasa tunaitwa madanga. Tumeshuka cheo. Buzi angalau lilikuwa na ngozi.

Na ukiachwa, lugha haikubembelezi. Umepigwa chini, umetemwa, umemwagwa, umekula kibuti. Mshikaji wangu alipoachwa nilimkuta kainamia supu ya pweza, nikamwambia nimesikia mmeachana. Akasema, "Mwanangu, hatujaachana. Nimepigwa chini. Kuachana ni wawili."

Kwa sasa kisingizio chenye nguvu kimebaki kimoja, mvua. Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani hapapitiki, magari yanageuzia Magomeni, na ushahidi unaonyeshwa kwenye taarifa ya habari na helikopta juu yake. Juzi mvua imenyesha, binti wa safari hii, anayekaa Kimara, akaniandikia: "Bebi nilikuwa nakuja kwako, nimekwama Jangwani, tuma ya bodaboda." Nikatuma, na ya kutolea. Ndipo nikakumbuka kwamba kutoka Kimara kuja Sinza unakata Ubungo; Jangwani hupafikii hata dereva awe amelewa.

Nikampelekea mshikaji ujumbe ule, nikiwa nimeshapandisha mori, nataka aniunge mkono kwamba yule ni mwongo. Akausoma, akarudia kuusoma, akanirudishia simu.

"Mwanangu, hajakudanganya. Jangwani alikwama kweli. Wewe muulize alikuwa anatokea kwa nani."