Pikipiki ya Mafungu Manane

Sheikh alipopiga hesabu ya mirathi ya baba, ilitoka bila mkia. Marehemu kaacha mke, wanaume wawili na wanawake watatu. Kwa kuwa wapo watoto, mke ana thumuni yake. Kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Ukijumlisha unapata mafungu manane: mama moja, dada zangu moja moja, mimi na kaka mawili mawili. Shamba likagawanyika, minazi ikagawanyika, hata mabati yaliyolazwa uani yakagawanyika. Ikabaki Honda.

Ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya jiko, nje kidogo ya Korogwe, na mti wa mpapai ulikuwa umeanza kuota karibu na tairi la nyuma kwa namna ya kuizoea. Sheikh akatueleza kwamba kitu kisichogawika ama kinauzwa watu wagawane thamani, ama mmoja wao anakichukua na kuwafidia wenziwe. Nikasema nitaichukua mimi. Baba mdogo akaitikia “Allahumma amin” kabla sijamaliza sentensi, kwa haraka iliyonitia wasiwasi.

Kaka alikubali nimlipe polepole, na mpaka leo ananisifu kwa upole wangu wa kulipa. Dada mkubwa alichukua doti mbili za kanga na ahadi ya kupelekwa mnadani kila anapotaka. Wa pili akasema tusameheane. Wa tatu, anayeishi Dar es Salaam na amewahi kuhudhuria semina ya ujasiriamali, akakataa kuuza. Alisema hisa yake ikae hapohapo izalishe, na kila mwisho wa mwaka ananiandikia kwenye simu kuuliza gawio ni shilingi ngapi.

Mama hakutaka fidia. Alitaka fungu lake lilelile.

“Lipi, mama?”

“Kiti.”

Kwenye kiti, pale sponji ilipobonyea kwa miaka mingi ya makalio ya marehemu, kulikuwa na kuku ameatamia. Kuku huatamia siku 21, na siku zote hizo fundi aliruhusiwa kugusa kuanzia tangi kwenda mbele tu. Alipojaribu kufungua boliti moja iliyo chini ya kiti alidonolewa, naye mama akamwambia, “Pole, baba, lakini umeingia nyumba ya watu bila hodi.”

Niseme kidogo kuhusu mashine yenyewe, maana inaonewa. Ni CG125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 mahsusi kwa nchi za watu kama sisi. Wahandisi wao walizunguka masoko ya Asia wakaona jinsi pikipiki inavyobebeshwa baba, mama, mtoto na gunia, oili haibadilishwi na cheni haijui grisi. Badala ya kutuhubiria, walitengeneza injini ya kuvumilia. Vali zake zinasukumwa na vijiti, hakuna cheni ya ndani ya kulegea, na ile cheni ya nje wakaivika kasha zima vumbi lisiione. Baba hakuwaangusha. Kila tabia mbaya waliyoitarajia alikuwa nayo, na nyingine alizibuni mwenyewe. Aliinunua kwenye mnada wa shirika la umma miaka ya 1990, wakati mashirika yanabinafsishwa, ikiwa bado na alama ya namba za SU, na nadhani tangu siku hiyo oili ilibadilishwa pale tu ilipomwagika.

Wakati kuku anaendelea na kazi yake, sisi tulishughulikia karatasi. Kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo, kaka akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi na kuambiwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali. Kwenye orodha kuna sehemu ya thamani. Tulipofika kwenye pikipiki tukatazamana. Baba mdogo akashauri iandikwe “kumbukumbu”, lakini karani alitaka tarakimu. Kadi ya pikipiki ilipatikana ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vifungo, sindano na jino ambalo hakuna mrithi aliyelidai. Kaka aliogopa kwamba tungedaiwa leseni ya barabara ya kila mwaka. Akaja kuambiwa kwamba ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Alifurahi sana. Kwa hesabu yake, pikipiki isiyowashwa ndiyo isiyodaiwa kitu na mtu yeyote, na akanisihi niiache hivyohivyo.

Fundi wetu yuko stendi, chini ya mwembe. Aliizunguka, akaikung'uta kwa kidole kilichopinda, akasema, “Mdogo wangu, injini hii haifi. Kitakachokufa ni mfuko wako.” Habari njema, alisema, ni kwamba Wachina wameinakili injini hii kwa wingi, kwa hiyo ringi, gasketi na sahani za klachi za pikipiki nyingi za Kichina zinaingia. Kwa fundi huyu kila spea huingia. Ambayo haijaingia ni kwamba haijakutana na tupa. Nilimwona kwa macho yangu akimnyoa Mchina upande wa kushoto, akimpima, akimnyoa tena, mpaka akakaa mahali pa Mjapani akiwa amekonda lakini ametulia.

Umeme ndio uliotutesa. CG za mwanzo ni za volti 6, na madukani kila kitu ni volti 12. Honi ya volti 12 ukiipa betri ya volti 6 hailii, inaguna. Watu wazima wanaopita njiani wanageuka kuona ni mzee gani anayewanung'unikia. Balbu nayo inatoa mwanga wa kuonyesha kwamba taa ipo, si wa kuonyesha barabara. Halafu cheche yake inakatwa na platini, na vijana wa pale stendi, waliokulia kwenye CDI, walikuja mmoja mmoja kuitazama. Mmoja aliuliza kama inaliwa na panya. Fundi akawafukuza, akaisugua platini kwa msasa laini, akaweka kipande cha pakiti ya sigara kupima nafasi ya katikati, akarudisha jicho moja kwangu: “Baba'ako alikuwa anafanya hivi akiwa amevaa kanzu, njiani kwenda kwenye khitma.”

Nilidhani spea zikipatikana kazi imekwisha. Kumbe sehemu nyingi za pikipiki ya baba zilikuwa hai na nzima, ila zilikuwa zinaishi kwa watu. Baba aliazima kila kitu. Keria ilikuwa uchanja wa mama, imepangwa sahani na sufuria, na kuirudisha ilibidi kwanza nimpelekee seremala mbao. Kioo cha pembeni nilikiona kwa kinyozi, kimefungwa mti, ndicho anachomwonyesha mteja kisogo. Nikamwambia kwa adabu kwamba kile ni kioo cha marehemu.

“Najua,” akasema. “Aliniazima akaniambia nikimaliza nirudishe.”

“Sasa?”

“Sijamaliza. Watu bado wanaota nywele.”

Spana namba 10 ilikuwa msikitini, ndiyo inayofungulia bomba la maji ya udhu tangu mkono wa koki uvunjike. Hiyo nikaiacha. Kwenda kudai spana msikitini muda mfupi baada ya arobaini ya baba yako kunahitaji uso ambao mimi sina. Kifuniko cha tangi kilikuwa kwenye dumu la mafuta ya taa dukani kwa jirani, naye alinirudishia bila neno, kisha akanitolea daftari. Baba alikuwa anadaiwa sukari, betri za redio na sabuni. Nikalipa, na kwa bei ile nadhani kifuniko changu ndicho ghali kuliko vyote Afrika Mashariki.

Tangi lenyewe lilikuwa na kutu ndani. Dawa yake, kwa mujibu wa fundi, ni kokoto: unatia konzi kadhaa, unatia mafuta kidogo, unaziba, unalitikisa mpaka kutu yote ing'oke. Nikalipakata uani nikaanza kulitikisa kama kayamba. Watoto wa mtaa hawakuhitaji maelezo. Walikuja kwa sauti ile, wakatazama kidogo, kisha mmoja akaanza kukata kiuno na wengine wakafuata. Nikipumzika wananizomea. Bibi wa jirani akachungulia ua kuuliza nani anaolewa, na hivi tumemaliza msiba juzi tu. Kutu ilitoka, nyekundu na nzito, kokoto nazo zikatoka. Zote isipokuwa moja.

Kokoto hiyo ina akili. Chujio la koki ya mafuta lilikwisha kuoza, kwa hiyo hakuna cha kuizuia isiende kuketi juu ya tundu la koki, na inaketi inapopenda yenyewe. Pikipiki inakwenda vizuri, sauti imetulia, mara inakohoa na kuzima. Unashuka, unaishika usukani na keria, unaiyumbisha kushoto na kulia hadi usikie “kong'” ndani ya tangi, unapiga kiki, inawaka. Anayekuona kwa mbali anadhani unagombana nayo.

Abiria wa kwanza alikuwa mama. Vifaranga walikwisha kuhamia kwenye tenga, kiti kikashonwa upya kwa leza na fundi makochi, na mama akasema fungu lake atalizindua mwenyewe. Alikaa upande, kanga mbili, mkoba mapajani. Tulifika katikati ya mtelemko wa sokoni kokoto ikaketi. Nikamwomba ashuke niiyumbishe.

“Sishuki kwenye changu,” akasema. “Yumbisha mafungu yako hayo mawili.”

Basi nikaiyumbisha na yeye akiwa juu, sokoni pote wanatazama. Kinyozi alitoka nje na kioo chetu mkononi ili aone vizuri. Iliposikika “kong'” watu walipiga makofi, na mzee mmoja nisiyemjua akaja kushika usukani, akanisalimu kwa jina la baba, akaniambia kwamba marehemu alikuwa anampitishia dawa zake za presha kila mwisho wa mwezi kutoka hospitali ya wilaya. Hakuuliza kama nitaendelea. Alinitajia siku.

Kwa hiyo pikipiki inatembea. Fedha zilizoingia humo zingetosha kununua Boxer mpya na kubaki na chenji ya helmeti. Gawio la mwaka huu, dada, ni safari nne za dawa, mafuta juu yangu.

Kimebaki kitu kimoja. Kava la betri la upande wa kushoto, jeusi, lina herufi H mbili kwa rangi nyekundu zilizoandikwa kwa mkono, na ufa mdogo pembeni. Aliyeazimwa na marehemu, au aliyeazimwa na aliyeazimwa, tafadhali alilete nyumbani, hata usiku. Hataulizwa lilikuwa linafanya kazi gani. Chai ipo, na mama anasema kuku ana mayai tena.