Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Printa za Nyumbani

Kwa: Waheshimiwa Watengenezaji wa Printa za Nyumbani, popote walipo

YAH: SHUKRANI KWA KUONDOA WAYA NA KULETA MENGINE YOTE

Printa isiyo na waya ni mashine ya kuchapa inayopokea kazi kwa mawimbi ya redio kupitia ruta ya nyumbani. Kabla yake, mtu alichomeka kebo ya USB kwenye kompyuta na kwenye printa, karatasi ikatoka. Waheshimiwa waliona urahisi huo haumjengi mtumiaji kitabia, wakauondoa. Ili asiurudie kwa siri, printa nyingi za bei nafuu sasa huuzwa bila kebo hiyo ndani ya boksi, ingawa tundu lake bado lipo mgongoni.

Hatua ya kwanza ni kuiunganisha printa na Wi-Fi. Ruta nyingi hutoa bendi mbili: 2.4 GHz, inayofika mbali na kupenya kuta, na 5 GHz, yenye kasi zaidi lakini inayodhoofika upesi ikikutana na ukuta. Printa nyingi za nyumbani husikia ya kwanza tu. Habari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi, pengine kwa kulinda faragha ya printa. Mtumiaji ambaye simu yake imeshika 5 GHz huweza kuambiwa kwamba printa haijapatikana, hali iko mezani, imewaka, naye ameiegemea kwa kiwiko.

Kwa asiyetaka kuingiza nenosiri refu kwa vitufe vya mshale, herufi moja baada ya nyingine, upo utaratibu wa WPS, uliotoka mwaka 2006. Hubonyezwa kitufe cha ruta, kisha cha printa, ndani ya dakika 2. Mwaka 2011 ilibainika kwamba njia ya pili ya utaratibu huo, ile ya namba ya siri, huweza kuvunjwa kwa saa chache. Baadhi ya ruta zikauzima wote. Kijitabu cha maelekezo hakikupewa taarifa.

Hatua ya pili ni programu ya simu. Programu hii huomba barua pepe, nchi, akaunti, na ruhusa ya kujua mahali mtumiaji alipo, yote hayo ili barua ya kuomba kazi yenye ukurasa mmoja isafiri mita mbili.

Hatua ya tatu haina mwisho. Ruta huigawia printa anwani ya IP kwa muda tu. Umeme ukikatika na kurudi, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa, printa huweza kupewa anwani mpya huku kompyuta ikiendelea kubisha hodi kwenye ile ya zamani. Ndipo kioo huandika kwamba printa haipo mtandaoni. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuihifadhia printa anwani moja ya kudumu. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua, na waheshimiwa wamehakikisha kwamba wanaoijua ni wachache.

Anayevuka hatua hizo hukutana na wino. Katriji zinazokuja na baadhi ya printa mpya hujazwa pungufu. Zipo pia printa ambazo rangi ya njano ikiisha hugoma kuchapa hata maandishi meusi, kwa mshikamano ambao vyama vingi vya wafanyakazi vingeuonea wivu.

Dawa ya sehemu kubwa ya usumbufu huu imekwisha kupatikana, na miongoni mwa walioipata wamo waheshimiwa wenyewe. Apple ilitoa AirPrint mwaka 2010. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox ziliunda Mopria Alliance, kwa lengo lilelile: simu ichape bila programu ya kila kampuni. Printa nyingi mpya tayari zinazielewa njia hizi. Lakini karatasi ya kwanza ndani ya boksi humwelekeza mtumiaji kwenye programu na akaunti. Kikwazo, basi, si teknolojia bali ni uamuzi.

Kwa hiyo waheshimiwa wanaombwa mambo manne: bendi inayotumika iandikwe kwa herufi kubwa mbele ya boksi, uchapaji usidai akaunti, kosa lielezwe kwa maneno badala ya taa ya chungwa inayopepesa, na kebo irudishwe ndani ya boksi.

Maombi haya yasipokubaliwa, hati zitaendelea kutumwa kwa WhatsApp kwa mwenye stesheneri, ambaye huzichapa kwa printa iliyofungwa kebo.

Nakala kwa: Wamiliki wa stesheneri na saiba zote za mitaani, kwa taarifa na pongezi.